Santuri za babu kwenye pleya mpya
Ndugu, umeuliza kama unaweza kupiga santuri za babu kwenye pleya yako mpya. Hapana, zile za 78 (zinazozunguka mara 78 kwa dakika) usizipige kwa sindano iliyokuja na hiyo pleya, hata kama ina kitufe cha 78. Sindano hiyo ni ya LP (santuri kubwa za mizunguko 33 kwa dakika) na zile ndogo za 45. Mfereji wa 78 ni mpana karibu mara tatu, kwa hiyo ncha inazama hadi chini kwenye vumbi la miaka yote: unasikia mchakacho tu, na sindano yenyewe inakwisha haraka. Mimi niliua moja kwa wiki mbili nikipiga taarabu za marehemu bibi.

Tafuta sindano ya 78 inayoingia kwenye kichwa hichohicho cha pleya kinachoshika sindano. Kwa pleya nyingi unachomoa na kuchomeka kwa vidole tu. Kama babu aliacha za enzi za Siti binti Saad, aliyeanza kurekodi Bombay mwaka 1928, basi hizo ni 78. Na usizifute kwa spiriti jamani, ni za sheleki (aina ya utomvu wa wadudu), zinayeyuka. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha, lebo isilowe. Zilizoandikwa 33 au 45 piga bila wasiwasi.