Supu ya kuku huharibiwa na moto kabla ya viungo

Swali la wiki lilikuwa: kwa nini supu ya kuku ya nyumbani hutoka nyeupe kama maji ya mchele, tena haina ladha?

Wengi watakimbilia viungo. Viungo vina kosa dogo sana hapa. Mkosaji wa kwanza ni moto, wa pili ni kuku mwenyewe.

Broila wa wiki sita ni wa kukaanga. Supu inataka tetea mkubwa wa kienyeji, au kuku wa mayai aliyeacha kutaga, yule ambaye watu humkwepa kwa ugumu wake. Kwa kuku wa kilo moja na nusu, ongeza miguu minane. Miguu ina nyama kidogo, lakini ngozi na mishipa yake ndiyo inayoipa supu uzito. Imwagie maji yanayochemka, hesabu nusu dakika, kisha vua ile ngozi nyembamba ya juu, ya njano, kama soksi na ukate kucha. Ukiichelewesha majini, ngozi hushikamana na haimenyeki tena.

Ndani ya kuku, kandokando ya uti wa mgongo, kuna damu iliyoganda na mabaki ya mapafu. Yakwangue kwa kidole chini ya maji, maana hayo ndiyo yanayotia rangi ya kijivu. Filigisi iingie, maini yabaki nje. Nyongo ikipasuka, osha mara moja na ukate sehemu iliyoguswa. Ikishaingia sufuriani, uchungu wake hautoki kwa ndimu wala kwa chumvi.

Sasa injika kwa maji baridi, lita tatu. Hapa ndipo wengi hupotea: wanatia nyama kwenye maji yanayotokota. Maji yakipata moto polepole, utomvu wa nyama hutoka taratibu, ukagandana na kuelea juu kama povu la kuenguliwa kwa upawa. Kwenye maji yanayotokota hugandia humohumo, vipande vidogovidogo visivyoshikika. Engua povu kwa dakika ishirini hivi za mwanzo, bila kukoroga.

Povu likipungua, punguza moto. Kwenye jiko la mkaa, toa makaa kama nusu na uyafukie yaliyobaki kwa majivu. Tazama uso wa supu: kiputo kimoja kipande ukingoni, kipasuke, ndipo kingine kifuate. Ikitokota kwa nguvu, mafuta huvunjikavunjika na kuchanganyika na maji, na weupe ule hautoki hata uchuje mara tano. Mfuniko uache wazi upande.

Baada ya saa moja tia kitunguu maji kimoja kilichopasuliwa, kipande cha tangawizi, punje kumi za pilipili manga (ya Amani, kule Muheza, inatosha kunukisha nyumba) na karoti moja ya Lushoto ukipenda. Karafuu moja, si tatu. Chumvi ingoje mwisho, kwa sababu maji yanapungua na chumvi haipungui. Mchemraba wa dukani hauna kazi hapa, labda kama unataka supu zote duniani ziwe na ladha moja.

Kuku mgumu huchukua saa mbili na nusu hadi tatu. Kupima, chota tone kwa kijiko, lipoe, lisugue kati ya vidole viwili. Vikinata, iko tayari. Epua, chuja kwa kitambaa bila kukamua. Ndimu ikamuliwe bakulini, chapati zikiwa mezani. Ukiichemsha harufu yake huruka.

Inayobaki, usiiache jikoni hadi asubuhi kwa joto hili la Tanga. Gawa kwenye vyombo vidogo, viweke ndani ya beseni la maji baridi, na ndani ya saa mbili iwe kwenye friji. Hukaa siku tatu. Ikiganda ikatikisika kama jeli, msiitupe mkidhani imeharibika: ni ile miguu. Mafuta ya njano yaliyoganda juu yaengue, yakaangie vitunguu vya pilau.

Msomaji, Ngamiani, Tanga