Watoto wanaikimbia rozari yangu: ninunue kitabu gani?

*Shangazi, shikamoo. Ninaishi Mafinga, nina mume na watoto wawili: binti wa miaka 16 aliye bweni kidato cha tatu, na mvulana wa miaka 13. Kila siku saa tatu usiku ninaisalisha familia yangu tukiwa tumepiga magoti. Tunasali rozari nzima, litania, novena (sala ya siku tisa) ya wakati huo, sala za kijitabu cha ukombozi nilichonunua stendi, na mwisho ninawafafanulia Neno. Binti akiwa likizo anakunja uso na kushika simu, hata nikaanza kumsomea sala za kufukuza pepo wa uasi. Mvulana anasinzia. Baba yao akirudi kutoka kwenye kazi ya kupakia mbao anakaa nyuma kabisa, kisha anatoka nje, ingawa kila siku tunamwombea kwa jina ili aache ulanzi, ile pombe ya mwanzi. Anayeniharibia zaidi ni mama mkwe. Akikaa na watoto anawasalisha kumi moja tu la rozari, yaani Salamu Maria kumi, tena rozari ile ya zamani isiyo na matendo ya mwanga, halafu wanakula viazi na kucheka, na sasa wanataka kila likizo waende kwake. Shuleni wananiambia binti ni kiongozi wa sala wa TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, lakini nyumbani ni mkaidi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nami naona wangu wanakauka. Nitajie vitabu vya ibada vya vijana, vile vyenye nguvu.*

*Mama Mwenye Huzuni, Mafinga*

Marahaba, mwanangu, na pole. Mama anayetaka watoto wake wamjue Mungu anastahili heshima, na heshima hiyo ninakupa. Hata hivyo, kadiri ninavyoirudia barua yako ndivyo ninavyozidi kuhamia upande wa mama mkwe wako, na nitakueleza sababu kabla hatujafika kwenye vitabu.

Wewe mwenyewe umeandika kwamba binti yako ni kiongozi wa sala shuleni. Umeiweka sentensi hiyo karibu na mwisho, kama jambo la kupita tu, lakini ndiyo sentensi nzito kuliko zote katika barua yako. Msichana wa miaka 16 ambaye wenzake wamemkubali awasalishe, na ambaye akiwa kwa bibi yake anasali bila kusukumwa, hana pepo wa uasi. Anakataa jambo linalofanyika sebuleni kwako saa tatu usiku, na jambo hilo si sala peke yake. Hesabu mwenyewe: rozari nzima inayosaliwa kwa utulivu huchukua kama dakika 20, kisha kuna litania, kuna novena, kuna kijitabu cha stendi, na baada ya hayo yote kuna mahubiri yako ambayo hukutaja urefu wake, nami nina shaka kwamba hukuutaja kwa makusudi. Mnamaliza saa nne imeshapita. Kibaridi cha Mafinga cha mwezi wa saba ninakifahamu, na sakafu ya saruji usiku ninaifahamu pia. Mtoto wa miaka 13 aliyeamka alfajiri kuwahi namba shuleni akisinzia magotini katika hali hiyo, usitafute pepo, mtafutie blanketi.

Sasa tuje kwa mumeo. Anapakia mbao mchana kutwa, anarudi usiku, na bado anaingia na kukaa kwenye sala, hata kama ni nyuma kabisa. Wanaume wangapi unaowajua wanafanya hivyo? Halafu akiwa ameketi pale, na mabuti hajavua, anasikia watoto wake wakifundishwa kumtaja kwa jina mbele za Mungu kama mlevi. Ningekuwa yeye, ningetoka mapema zaidi. Hukusema kwamba anakupiga, hukusema kwamba ada haijalipwa, wala hukusema kwamba chakula kimekosekana. Kama hayo yapo, yapeleke kwa wazee wa jumuiya au kwa paroko, nao watakaa naye kwa heshima. Kama hayapo, basi ninachokiona mimi ni mwanaume anayekunywa na wenzake baada ya kazi. Na kwa kuwa ulanzi ni kinywaji cha msimu wa mvua, ningependa kujua kiangazi huwa mnamwombea nini.

Huu ndio ugonjwa ninaouona katika ndoa nyingi za siku hizi, na sisi wanawake wenye bidii ya dini ndio tunaoongoza. Neno ambalo mke ameshindwa kumwambia mumewe ana kwa ana, chumbani, kwa sauti ya chini, anampelekea Mungu kwa sauti kubwa mbele ya watoto, ili mume alisikie na asiweze kujibu. Nani atabishana na sala? Mume anabaki na njia mbili, kukaa kimya au kutoka, na akitoka tunasema hampendi Mungu. Watoto wa rika la wako wanayaona haya yote, tena wanayaelewa kuliko tunavyodhani. Wakiona sala inatumika kumchapia baba leo, wanajua kesho ni zamu yao, na ndiyo maana simu inashikwa. Mtume Paulo aliwaonya akina baba wa Efeso wasiwachokoze watoto wao, nami sioni kwa nini onyo hilo lisiwahusu akina mama wa Mafinga.

Umemlaumu mama mkwe kwa rozari yake ya zamani. Matendo ya mwanga, yaani matukio ya maisha ya Yesu yanayotafakariwa katika rozari, yaliongezwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwezi Oktoba mwaka 2002, naye katika waraka uleule aliandika kwamba anayaacha kwa uhuru wa kila mwamini na kila jumuiya. Kabla ya hapo Kanisa lilisali kwa mpangilio wa matendo 15 tangu karne ya 16, na watakatifu wengi walifika mbinguni kwa matendo hayo. Bibi wa watoto wako hajapungukiwa kitu. Kumi lake moja, likisaliwa taratibu na watu wanaopendana, halina dosari yoyote. Yesu mwenyewe, kabla ya kuwafundisha wanafunzi wake Baba Yetu, aliwakataza kupayukapayuka wakidhani watasikiwa kwa wingi wa maneno yao. Na Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, alizungumzia dakika chache tu za kila siku ambazo familia inakaa pamoja mbele ya Mungu, ikimweleza yanayoitia wasiwasi, ikiombea mahitaji yake na ikimwombea aliye katika shida. Sijui kama mama mkwe wako ameusoma waraka huo, lakini anautekeleza.

Tuje kwenye vitabu. Umeniomba vitabu "vyenye nguvu", na hapo ndipo unapotaka kukosea tena. Mchagua jembe si mkulima, mwanangu. Kabla ya kununua kingine, chukua kile cha stendi ufungue kurasa zake za mwanzo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 826, inataka vitabu vya sala vitolewe kwa ruhusa ya askofu wa mahali, na ruhusa hiyo kwa kawaida huchapwa mwanzoni pamoja na jina la askofu na mwaka, mara nyingi kwa neno *Imprimatur*. Kama huoni ruhusa, huoni mchapishaji, na badala yake unaona ahadi kwamba atakayeisali sala hiyo mara fulani na kuisambaza atapata muujiza, basi umenunua karatasi. Kuhusu sala za kufukuza pepo, kupunga pepo rasmi ni kazi ya padre aliyepewa kibali cha wazi na askofu wake, na mwaka 1985 Roma iliwaandikia maaskofu kukumbusha kwamba waamini wasijichukulie sala hizo mikononi mwao. Wewe unamsomea binti wa kidato cha tatu kwa sababu amekunja uso. Kesho asubuhi kipeleke kijitabu hicho kwa paroko, umwachie yeye aamue.

Kitu cha kwanza ambacho ningekuomba ununue, kama hamna, ni Misale ya Waumini. Masomo ya Dominika yanazunguka kwa miaka mitatu, A, B na C, na kila mwaka una Injili yake inayotawala: Mathayo, Marko, kisha Luka. Kwa hiyo misale mmoja ukitunzwa unawatosha ninyi na wajukuu. Jumamosi jioni mpe binti misale atafute mwenyewe Injili ya kesho, aisome kwa sauti, kisha nyamazeni kidogo. Usifafanue. Ninarudia, usifafanue, hata kama ulimi unawasha. Padre atafafanua kesho yake, na watoto watakuwa wameshaisikia, nao watasikiliza kwa sikio la mtu anayeijua habari. Na kama binti anapenda kuyasoma masomo kwenye simu, mwache ayasome kwenye simu. Je, umewahi kuangalia alikuwa anasoma nini wakati ule wa rozari, au ulimnyang'anya tu?

Cha pili ni Biblia, ila hakikisha ni ya Kikatoliki yenye vitabu 73, kwa sababu nyingi zinazouzwa mitaani zina 66 tu. Njia rahisi ya kuitambua ya Kikatoliki dukani ni kutafuta kitabu cha Tobiti. Ukishakipata, usikifunge. Kina sura 14, na sura moja kwa usiku inawapa wiki mbili za habari ambayo sijaona kijana akiichoka. Kijana Tobia anatumwa na baba yake kipofu kwenda mbali kudai fedha, anasafiri na malaika Rafaeli bila kumjua, mbwa wake akiwafuata njiani, anakutana na samaki anayetaka kumla mguu, anarudi nyumbani na mke, na anamponya baba yake macho. Mvulana wako wa miaka 13 ndiye asome. Akisoma hatasinzia, kwa kuwa anayesinzia siku zote ni yule asiyepewa kazi. Binti yako naye asikilize sala ya Tobia na Sara usiku wa harusi yao, katika sura ya 8. Itamfundisha juu ya ndoa kuliko hotuba zangu na zako.

Vitabu vya watakatifu viwe vichache na viwe vya rika lao. Kizito, mmoja wa Mashahidi wa Uganda, alikuwa na umri wa miaka kama 14 alipochomwa moto Namugongo mwaka 1886, na sikukuu yake na wenzake, tarehe 3 Juni, huangukia karibu na likizo ya katikati ya mwaka. Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alikufa kwa saratani ya damu mwaka 2006 akiwa na miaka 15. Alipenda kompyuta, na alitengeneza tovuti ya miujiza ya Ekaristi. Mama yake amesimulia hadharani kwamba yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kanisani, na kwamba mtoto ndiye aliyemrudisha. Sehemu hiyo uisome peke yako.

Rozari ibaki, sikusema uifute. Kwa siku za kazi salini kumi moja, kila mmoja aongoze kwa zamu, na anayeongoza achague tendo na nia ya kuombea. Mwezi wa Oktoba mnapozunguka na jumuiya mtasali nzima, na hiyo inatosha. Wakati wa Kwaresima waende na wenzao kwenye Njia ya Msalaba siku ya Ijumaa, na nyumbani usiku huo msiongeze kitu. Novena chagua moja yenye maana kwa familia, kwa mfano ile ya Roho Mtakatifu kabla ya Pentekoste, ukizingatia kwamba huyu mdogo huenda yuko kwenye maandalizi ya Kipaimara. Zote zikiisha kwa dakika 10 au 15, mmesali.

Saa ya sala ihamishwe. Salini mara baada ya chakula cha jioni, mkiwa mmekaa karibu na jiko la mkaa, mlango ukiwa wazi kidogo hewa ipite, na baba yao akichelewa atakuta mmeshamaliza na chakula chake kipo. Akiwahi, mpe yeye baraka ya mwisho, awaandike watoto msalaba kwenye paji la uso. Hilo halihitaji kitabu wala ufasaha, na usimsahihishe akikosea neno. Jina lake litajwe kwenye sala kwa shukrani ya mbao alizopakia. Habari ya ulanzi mwambie chumbani.

Kuhusu mama mkwe, likizo ijayo usiwazuie watoto kwenda. Nenda nao siku ya kwanza, ubebe sukari na majani ya chai, ukae kwenye sala yake mwanzo hadi mwisho bila kuongeza Salamu Maria hata moja. Viazi vikiletwa, kula.