Mama ana sukari, sasa amenyamaza: je unga wa amino asidi utamsaidia?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 58, kisukari aina ya pili anacho muda mrefu na anameza metformin. Toka mwaka jana kabadilika kabisa, kwenye kikoba haendi, chakula anakichezea tu kwenye sahani, usiku halali, ukimuuliza anasema "nimechoka". Sisi tunajua ni sukari. Sasa kuna mtu anatuuzia unga wa amino asidi, anasema mwili wa mama umekosa uwiano na akinywa huo sukari na huzuni vyote vinaisha. Tununue?
Binti, Morogoro

JIBU: Marahaba binti. Msinunue.

Hayo uliyoandika yananipa wasiwasi wa sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, na sonona ni ugonjwa kamili, sio sukari tu. Wenye kisukari wanaipata karibu mara mbili ya wasio nacho na hivi viwili vinachocheana, mtu akikata tamaa anaruka dawa, hatembei, sukari inapanda, ikipanda anazidi kuchoka na moyo unazidi kuzama.

Hiyo habari ya uwiano muuzaji hajaitunga yote. Ukila maharage au dagaa tumbo linavunja protini kuwa amino asidi, mojawapo ni triptofani ambayo ubongo unatengenezea serotonini, kemikali inayohusika na hisia na usingizi. Ila triptofani ikitaka kuingia kwenye ubongo inagombania mlango mmoja na amino asidi wenzake, lusini, isolusini, valini, tairosini na fenilalanini, kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Insulini, homoni inayoshusha sukari, ikifanya kazi sawasawa inawasukuma wengi wa hao kwenye misuli, triptofani inapata upenyo. Kwenye kisukari aina ya pili mwili hauisikii insulini vizuri kwa hiyo lusini na wenzake wanabaki juu kwenye damu, na watafiti Marekani mwaka 2011 waliwaona hao hao watano wako juu kwa watu ambao kisukari kilikuja kuwapata hata miaka 12 baadaye.

Sasa soma kopo. Unga mwingi wa aina hiyo umejaa lusini na valini, yaani unaongeza wanaogombania! Na kama ni wa triptofani, akija kuandikiwa dawa za sonona vikachanganyika serotonini inaweza kuzidi, mtu akatetemeka, akatoka jasho, moyo ukaenda mbio. Na figo za mwenye kisukari sio za kubebeshwa protini ya kopo bila kupimwa.

Kitu ambacho ningekikimbilia mimi ni vitamini B12. Metformin ikitumika miaka inaweza kuishusha, na ikishuka unaona uchovu, ganzi miguuni, kusahau, hata huzuni. Inapimwa kwa damu na inatibika. Lakini metformin asiiache mwenyewe.

Mpelekeni kliniki yake ya kisukari, mwambieni daktari hayo ya kikoba na usingizi, maana mama mwenyewe atasema "sijambo". Ombeni apimwe B12, HbA1c (wastani wa sukari ya miezi kama mitatu) na tezi ya shingo, na aulizwe kuhusu sonona. Akiandikiwa dawa mkumbusheni daktari kuhusu sukari, kwa sababu baadhi ya dawa za sonona kama amitriptilini zinaweza kuongeza uzito na sukari. Na wewe muulize leo, mkiwa wawili tu, kama kuna wakati anaona bora asingekuwepo. Akisema ndiyo usimwache peke yake, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.