Pentax K1000 au Canon AE-1: ipi ya kuanzia?

Swali: Ninasomea uandishi wa habari hapa Mombasa na nataka kujifunza kupiga picha kwa filamu. Nimeonyeshwa kamera mbili za zamani, Pentax K1000 na Canon AE-1, kila moja na lenzi yake ya milimita 50, na bei zinakaribiana. Nichukue ipi?

Jibu: Chukua K1000, mradi ifaulu majaribio nitakayokueleza. Ikifeli yenyewe na AE-1 ikafaulu, chukua AE-1 bila wasiwasi. Zote mbili zilianza kuuzwa 1976. AE-1 ilisimama 1984, K1000 ikaendelea hadi 1997. Kwa umri huo, hali ya kamera uliyoishika mkononi ina uzito kuliko jina lililo juu yake.

Tofauti kubwa iko kwenye umeme. Shata ya K1000 (mapazia yanayofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu) inaendeshwa na springi na gia. Betri yake moja ya LR44 inalisha mita ya mwanga tu, kwa hiyo hata ikifa, kasi zote kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000 zinafanya kazi. AE-1 inategemea betri ya volti 6 (4LR44) kwa kila kitu. Ikiisha, ukibonyeza hakuna kinachotokea. LR44 utaipata kwa fundi saa yeyote. 4LR44 ni adimu zaidi, ingawa ndani yake ni LR44 nne tu zilizopangana, na ukizifunga nne kwa karatasi ngumu, chanya ikigusa hasi, zitakusaidia kwa muda. Zikilegea kidogo, kamera inakata. Kagua pia mlango wa betri wa AE-1: ni wa plastiki na huvunjika mara nyingi.

K1000 haina swichi ya mita. Kifuniko cha lenzi ndicho swichi yake: ukiiacha wazi kwenye mwanga, betri inaliwa.

Kwa kujifunza, K1000 inakulazimisha kuchagua mwenyewe kasi ya shata na namba ya f (ukubwa wa tundu la lenzi linalopitisha mwanga), mpaka mshale wa mita ukae katikati. Hilo ndilo somo lenyewe, na ndiyo sababu naipendelea kwa mwanafunzi. AE-1 inakuachia kasi, yenyewe inachagua f, mradi pete ya lenzi iko kwenye A. Ni nzuri kwa mpira au watu wanaokimbia. Ila ukiitoa pete kwenye A, mshale unaendelea kuonyesha f inayopendekezwa na kamera, si uliyoiweka wewe, na hapo ndipo wanaoanza wanapoharibu picha.

Kamera zote mbili zitakudanganya mbele ya anga jeupe. Mita huona mwanga mwingi, ikapunguza, na uso wa mtu ukatoka mweusi usio na maelezo. Inamisha kamera hadi anga litoke kwenye fremu, soma mwanga, weka namba zako, kisha rudi upange picha bila kugusa kitu, hata mshale ukihama. Kwenye AE-1 ikiwa pete iko kwenye A, kuna kitufe cha mwanga wa nyuma kinachoongeza hatua moja na nusu (hatua moja ni mwanga maradufu). Kishikilie wakati wa kupiga.

Sasa majaribio, bila filamu. Fungua mlango wa nyuma, elekeza lenzi kwenye ukuta mweupe wenye mwanga, piga kwa sekunde 1, kisha 1/60, kisha 1/1000 huku ukitazama kwa nyuma. Kwenye 1/1000 unapaswa kuona mmweko wa mstatili mzima. Upande mmoja ukibaki na giza, mapazia ya shata hayaendi sawa, na picha zako zitakuwa na ukanda mweusi. AE-1 ikitoa sauti kama kikohozi chembamba unapopiga, mafuta ya mitambo ya kioo cha ndani, kile kinachorusha picha kwenye kitundu cha kutazamia, yamekauka. Inatengenezeka, lakini ni kazi ya fundi; usipulizie mafuta ndani. Gusa pia sponji nyeusi kwenye mifereji ya mlango wa nyuma na juu ya kioo hicho. Ikinata au kumeguka, mwanga utavuja na kuacha mistari pembeni mwa picha. Kuibadilisha ni rahisi, basi itumie kupunguziwa bei.

Lenzi ikague kwa makini zaidi, kwa sababu unyevu wa pwani hulea kuvu. Fungua f hadi mwisho, mulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma, utazame kwa mbele. Ukiona nyuzinyuzi zinazotandaa kwenye kioo cha lenzi, iache. Vipande vya tundu la f lazima vijifunge mara moja na viwe vikavu. Vikiwa na mafuta vitachelewa, na picha zitazidi mwanga. Mita ilinganishe na programu ya simu ya kupima mwanga kwenye ukuta uleule, ISO (wepesi wa filamu kuhisi mwanga) ileile. Ikipishana kwa hatua moja lakini kila mara upande uleule, utaizoea.

Ukitaka lenzi nyingine baadaye, za K1000 ni za mlango wa K (mlango hapa ni sehemu ya kamera inayofungiwa lenzi), ambao Pentax bado inautumia, ila hakikisha ina pete ya f. Canon iliuacha mlango wa FD ilipoleta EF mwaka 1987, ingawa lenzi za FD za mitumba bado zipo.

Anza na filamu ya rangi ya ISO 200. Juani kabisa weka 1/250 na f/16. Ukiwa na shaka fungua hadi f/11, kwani negativu, yaani filamu ya aina hii, huvumilia mwanga kuzidi kuliko kupungua. Baada ya kufunga mlango, vuta wenzo wa kusogeza filamu ukitazama kishikio cha kurudishia upande wa kushoto. Kisipozunguka, filamu haijashika: fungua uanze upya kabla hujapiga fremu 36 za hewa. Ikiisha, bonyeza kitufe kilicho chini ya kamera, zungusha kishikio hadi kilegee, ndipo ufungue mlango.