Kuazimisha trekta la kale si kulikopesha

Marehemu baba alituachia matrekta mawili: Massey Ferguson 35 jekundu lenye injini ya Perkins ya silinda tatu, na Fordson Major la buluu lililoundwa Dagenham, Uingereza. Aliyanunua kwa wenye mashamba ya mkonge upande wa Kilifi yakiwa yamechoka, akayafufua mwenyewe chini ya mwembe nyumbani kwetu Jomvu, na kwa miaka mingi ndiyo yaliyowalimia watu wa Mazeras na Mariakani kila masika yalipokaribia. Alipofariki hapakuwa na wa kuyashughulikia, wala hatukuwa na banda la kuyakinga mvua. Ndipo tukaletewa habari za bwana mmoja wa pwani ya kaskazini anayekusanya mashine za zamani kiwanjani kwake, ambaye alikuwa radhi kuyaweka pamoja na yake bila kututoza chochote, nasi tukibaki kuwa wenye mali. Tulianza kwa kumpa lile la Massey. Ninaandika haya kwa ajili ya familia nyingine yenye trekta la mzee uani na mgeni mwenye hamu nalo mlangoni.

Kiswahili chetu kinatofautisha kuazima na kukopa, na laiti tungalizingatia tofauti hiyo mapema. Ukikopa kilo ya sukari kwa jirani, utamrudishia kilo nyingine na hakuna atakayeuliza. Ukiazima sufuria, utarudisha ile ile, na kama ilikuwa na kibonyeo ubavuni itarudi na kibonyeo chake. Yule bwana, na ninaamini alikuwa na nia njema, alilichukulia trekta letu kama sukari. Tulipokwenda kulitazama baada ya miaka mitatu tulikuta trekta linalong'aa. Alikuwa amelipiga msasa mpaka bati likabaki tupu, akalipulizia rangi mpya, akabadilisha kiti, usukani na taa. Sanduku la spana ambalo baba alilichomelea kwenye madigadi ya kushoto lilikuwa limekatwa na mahali pake kusawazishwa, kwa kuwa trekta lilipotoka kiwandani halikuwa na sanduku. Mama alipitisha kiganja pale mara mbili akiutafuta mshono wa kuchomelea, asiuone. Akauliza kiti cha zamani kiko wapi. Kilikuwa kimekwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Tulirudi nyumbani tukaitoa karatasi tuliyoandikiana. Ilikuwa na mistari minne: majina, namba ya usajili, tarehe na sahihi. Ilithibitisha kwamba trekta ni letu, lakini haikusema neno lolote kuhusu trekta lenyewe lilikuwaje siku lilipoondoka.

Kwa hiyo, kabla trekta lako halijapandishwa kwenye lori, litengee siku nzima. Lipige picha pande zote mchana kweupe, kisha ukaribie: pigia picha mikwaruzo, viraka, herufi zilizofifia, sehemu ya usukani iliyolainishwa na mikono, kila mahali fundi wa zamani alipoacha alama yake. Andika namba iliyo kwenye kibati cha kiwandani na namba iliyochongwa kwenye injini. Usishtuke zikikuonyesha kwamba injini ilishawahi kubadilishwa; mengi ya matrekta haya yalibadilishiwa injini kazini, nawe unaandika kilichopo, si kilichopaswa kuwapo. Hili lina uzito zaidi kwa Massey Ferguson 35, kwa kuwa yale ya mwanzo ya dizeli yalikuwa na injini ya Standard ya silinda nne, iliyojulikana kwa ugumu wa kuwaka, kabla ya ile ya Perkins kuingia, na mkusanyaji mwenye bidii anaweza kuona kwamba anakutendea wema kwa kukirudisha alichodhani ni cha asili. Picha zichapishwe nakala mbili na kila ukurasa utiwe sahihi na pande zote mbili.

Wengine huniambia kwamba rangi mpya huongeza thamani. Sikubaliani nao. Matrekta madogo ya kijivu ya Ferguson TE20 yalitengenezwa Coventry kati ya 1946 na 1956, na idadi yake ilizidi 500,000. Anayelitaka lililopakwa rangi upya atalipata. Lakini lililolima Mazeras likiwa na sanduku la spana la baba yangu lilikuwa moja tu. Mkataba useme waziwazi kwamba hakuna kupiga msasa, kupaka rangi, kukata wala kuchomelea bila idhini yenu ya maandishi, na kwamba kila kipuri kitakachotolewa, hata boliti iliyoliwa na kutu, kitafungiwa kibandiko na kuwekwa sandukuni kikiwa bado ni mali yenu.

Jambo la pili ni matumizi. Katika fikihi ya Kishafi, ambayo Waislamu wengi wa pwani hii huifuata, kitu cha kuazima kikiharibika kwa matumizi yaliyoruhusiwa, aliyeazima halipi. Kikiharibika kwa njia nyingine ni juu yake, hata kama hakuzembea. Kanuni hii ni nzuri, ila inataka matumizi yenyewe yatajwe. Katika mkataba wetu wa pili, ule wa Fordson, tuliandika kwamba trekta linaweza kuwashwa na kusogezwa ndani ya kiwanja, basi. Tulitaja pia yasiyoruhusiwa: kulima, kubeba watu, na hasa kuvuta mashua ufuoni, kwa kuwa nimeona trekta zima likiharibika breki na bearingi kwa kuingizwa majini mara chache tu.

Utunzaji wa hapa kwetu nao usiachiwe mazoea. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi, na kijana aliyetumwa kujaza radieta atachota yaliyo karibu. Andikeni kwamba yatumike maji baridi yasiyo na chumvi yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu. Banda lisielekee bahari, kwa kuwa upepo wa kusi hubeba chumvi mpaka ndani ya nyaya za taa. Tangi la dizeli likae limejaa ili unyevu usigeuke maji ndani yake. Trekta likisimama muda mrefu, pedali ya klachi ifungwe ikiwa imekanyagwa, la sivyo sahani ya klachi hushikana na gurudumu la injini kwa kutu, na kuitoa ni kulipasua trekta katikati. Ekseli zipandishwe juu ya magogo ili tairi zisibebe uzito.

Logibuku usiikabidhi kwa sababu yoyote. Bima iwe ya thamani mliyokubaliana kwa maandishi, kwa sababu bima ya kawaida ya kulinda watu wengine haitakulipa banda likiungua. Mkubaliane pia nani analipia lori la kwenda na la kurudi, na ikiwa mmoja wenu atafariki, warithi wafanye nini.

Fordson tulimpa mkusanyaji mwingine, kwa mkataba wa kurasa sita ambao ulituchukua Jumamosi mbili kuukamilisha, naye hakukasirika. Alisema ni mara ya kwanza mwenye trekta kumweleza anachokipenda katika trekta lake. Kila baada ya miezi sita mimi na kaka yangu huenda na faili la picha, tukakagua kipande kwa kipande, kisha tukaliwasha. Safari iliyopita kifuniko cha radieta kilikuwa kipya. Tukakikuta cha zamani sandukuni, kimefungwa kwa uzi pamoja na karatasi yenye tarehe na sababu ya kutolewa.

Mkataba huo ni wa miaka miwili na unakwisha Desemba. Tutaurefusha, tukiongeza kifungu kimoja alichokitaka mama: kila mwaka, kabla ya masika, tulichukue kwa siku tatu kwa gharama yetu, kaka aliendeshe, likalime shamba lake la Mazeras.