Idadi ya vikao haitoshi kupima huduma

SWALI: Ndugu mshauri, tangu mapigano ya Januari 2025 hapa Goma, kijana wangu wa miaka 9 hapati usingizi, na hushtuka kila mlango unapogongwa. Shule yake ilituunganisha na shirika linalozungumza na watoto kwa video ya simu. Sasa kamati ya wazazi inatakiwa iseme kama huduma hiyo iendelee, lakini shirika limetuletea hesabu ya vikao tu. Tuangalie nini?
Mama wa Katindo

JIBU: Mama, pole kwa kukesha naye. Hesabu ya vikao inaonyesha kazi ya mshauri; hali ya mtoto haionyeshi. Ulizeni kwanza kama watoto walipimwa kabla ya kikao cha kwanza. Dodoso linalotumika sana, lililotolewa na daktari wa akili wa watoto, Robert Goodman, mwaka 1997, lina maswali 25 ambayo mzazi au mwalimu hujibu: 20 huhesabu matatizo, kuanzia alama 0 hadi 40, na 5 huangalia wema wa mtoto kwa wenzake. Mwalimu naye ajaze, kwa kuwa huona yasiyoonekana nyumbani.

Alama zikishuka, msiridhike upesi, kwani watoto wengi hupata nafuu wenyewe mapigano yanapotulia. Ni vema kuwalinganisha na wale ambao bado wanasubiri zamu. Ulizeni pia habari za walioacha njiani kwa kukosa mega au umeme, maana huenda ndio waliohitaji msaada zaidi.

Linalonisumbua kuliko yote ni faragha. Katika nyumba ya chumba kimoja, mtoto anayejua kwamba shangazi anamsikia atajibu "niko sawa" hadi mwisho wa kikao, na mshauri anayeona uso tu kwenye kioo hataona mikono inayotetemeka. Je, mshauri huuliza kwanza nani yuko karibu? Na mtandao ukikatika mtoto akiwa analia, au amesema hataki kuishi, ni mtu mzima gani wa mtaani atakayefika mlangoni, na nani atampeleka Tulizo Letu, kituo cha afya ya akili hapa mjini? Bila jibu lililoandikwa, kamati isitie sahihi.

Kwa kijana wako, chukua daftari uandike kila asubuhi ameamka mara ngapi usiku, kisha umwonyeshe mshauri baada ya majuma manne.