Kabla hujamfuta mtu kumbukumbu, mpeleke akasajili laini

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema riwaya yako inaanza mtu anaamka stendi ya Arusha hajui hata jina lake, mfukoni ana kitambulisho cha marehemu, ananunua laini ya simu, anaanza kuishi kama huyo marehemu. Ukauliza sura ziwe ngapi, nafsi ya kwanza au ya tatu, jalada, mchapishaji. Achana na hayo. Hiyo laini ndiyo iliyonimaliza mimi.

Riwaya yangu niliiweka mwaka 2041. Mtafiti anafutwa kumbukumbu kwa kifaa cha kubandika kisogoni, anazinduka gesti Unga Limited, hapo hapo Arusha, miezi 11 anaishi kama muuza mitumba wa soko la Kilombero. Sura ya 4 nikaandika: "Alisajili laini kwa kitambulisho kile, akaondoka." Maneno sita. Nikachapisha nakala 300, shilingi 7,000 kila moja, nusu ya hela mkopo wa kikoba. Nakala ya kwanza kabisa nikamuuzia dada mmoja wakala wa laini. Siku mbili baadaye ananiita: "Kaka, hapa kidole aliweka cha nani?"

Nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Tangu Mei 2019 laini inasajiliwa kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na alama za vidole! Namba utaikariri tarakimu zote 20, sahihi ya marehemu utaiiga, hata mkewe utamdanganya. Kidole kikigusa mashine, umekwisha. Na mimi kurasa 180 zote zimekalia kidole ambacho hakipo.

Aliyenipoteza ni "mkufunzi" wa warsha moja ya uandishi, tena ya kulipia. Nilimuuliza kabisa habari za usajili. Akasema hadithi za kisayansi ni ubunifu, msomaji hajali vitu vidogo. Akatupa na mfano wa Ansel Bourne, mhubiri wa Rhode Island, Marekani, aliyetoweka Januari 1887, akafungua duka dogo Norristown kwa jina la A. J. Brown, akazinduka Machi haelewi kafikaje. Kisa cha kweli, mwanasaikolojia William James alikichunguza. Lakini mzee, 1887! Nani alimwambia Bourne "futa jasho, weka dole gumba"?

Kwa hiyo anza na wakala, chini ya mwavuli wake. Mashine ikatae. Wakala adhani vidole vimesuguka kwa kazi, kama vya fundi ujenzi, amwambie ajaribu kingine. Vikatae vyote kumi, na foleni nyuma inanung'unika. Hapo una sura nzima ya hofu bila bastola. Au mama ntilie amwonee huruma, amsajilie kwa jina lake mwenyewe: tayari kuna mtu anayeweza kumfungia laini siku wakikosana. Vyote hivi nilikuwa navipita kila siku nikienda sokoni, nikaviruka kwa maneno sita.

Nakala 261 ziko kwangu Sakina, zimeshikilia kitanda kilichovunjika chaga. Ukiitaka hiyo sura ya 4 njoo uchukue, sitaki hela. Ila ile laini ya stendi ifute leo.